Siku hizi rangi nyeupe inabaki: barua ya wazi kwa mawaziri wa utamaduni na wa mazingira

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

YAH: WACHORAJI WA MANDHARI WAPEWE KAZI YA KUWEKA KUMBUKUMBU YA NCHI

Waheshimiwa, natanguliza salamu na heshima zote.

Mimi ni mchoraji wa picha za mandhari. Naishi Uru, Moshi, na kazi hii ndiyo iliyolisha nyumba yangu tangu mwaka 2003. Nawaandikia nyote wawili kwa barua moja kwa sababu jambo lenyewe limekaa katikati ya ofisi zenu, na jambo likikaa katikati ya ofisi mbili kila mmoja hudhani mwenzake analo.

Nianze na rangi. Nilipoanza kuuchora Mlima Kilimanjaro, tyubu ya nyeupe ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza. Nilikuwa nikinunua nyeupe mbili kwa kila bluu moja. Kibo, kilele kikubwa cha mlima huu, ilikuwa inakula nyeupe: nyeupe tupu kileleni, nyeupe iliyotiwa tone la bluu kwenye kuta za barafu, nyeupe yenye majivu pale barafu inapokutana na mwamba. Leo tyubu hiyo inanikalia mwaka mzima, mpaka mdomo wake unaganda na inabidi niufungue kwa koleo. Kinachoisha sasa ni kahawia, pamoja na kijivu kimoja ninachokichanganya mwenyewe kwa ajili ya mwamba uliokuwa umefunikwa na ambao sikuwa nimewahi kuuona. Sikukusudia iwe hivyo. Mkono umefuata jicho tu.

Nachorea sehemu moja, chini ya mpera ulio kwenye kona ya shamba la marehemu baba. Nafika kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, maana mlima haumsubiri mtu. Ikifika saa tatu mawingu yameshaushika, na siku nyingi huuoni tena mpaka jioni. Nina picha 31 nilizochora chini ya mpera huo. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli tarehe, saa, na kama usiku wake mvua ilinyesha. Sikumwiga mtu. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa akisema picha isiyo na tarehe ni yatima.

Wataalamu wana hesabu zao, na nazijua. Barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa mwaka 1912 ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya mlima huu ni miongoni mwa zile zitakazokuwa zimetoweka ifikapo mwaka 2050. Wanasema pia kwamba sababu si joto peke yake. Hewa ya huko juu imekauka, theluji mpya haianguki ya kutosha, na jua linaigeuza barafu kuwa mvuke bila hata kuipitisha kwenye maji. Haya yote nayaamini. Lakini jirani yangu, mzee anayelima kahawa chini ya mlima huo huo, hajawahi kuiona ripoti hata moja kati ya hizo, na akiletewa haitakuwa kwa lugha yake. Picha zangu ameziona. Nilizipanga ukutani siku moja nikipaka chokaa chumba, akaingia kuazima jembe. Akaanza na ile ya mwaka 2003, akazifuata moja moja mpaka ya mwisho, kimya. Kisha akarudi mwanzo akaanza upya. Jembe alilisahau.

Sasa niseme linaloniuma, na nalisema nikiwa mmoja wa wanaolifanya. Sisi wachoraji tunaidanganya nchi hii kuhusu sura yake.

Nendeni kwenye duka lolote la picha, Arusha, Moshi, Dar es Salaam au Unguja. Mtaukuta Kilimanjaro una kofia nyeupe iliyoshuka mpaka mabegani, twiga wawili, mkuyu mmoja na Mmasai mwenye mkuki. Mchoraji wa mlima huo mara nyingi ni kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, ambaye hajawahi kuiona theluji hiyo kwa macho yake. Ananakili picha iliyonakiliwa kutoka kwenye picha nyingine. Simlaumu. Mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita niliagizwa picha tatu na hoteli moja. Mbili zikapokelewa. Ya tatu, ambayo nilikuwa nimeichora alfajiri ile ile kama ilivyo, ilirudishwa na ujumbe kwamba theluji ni kidogo, wageni hawatauelewa mlima huu. Nilikuwa nadaiwa ada ya shule. Nilikaa chini nikaongeza nyeupe. Picha hiyo iko mahali fulani ukutani ikiwa na jina langu, na kila nikiikumbuka nasikia aibu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa barua hii. Soko linatulipa kuchora nchi ilivyokuwa zamani. Hakuna anayetulipa kuichora ilivyo.

Na uchoraji wetu haukuanza hivyo. Mzee Sam Ntiro, mtoto wa Uchaggani aliyesoma na kufundisha Makerere, kisha akaja kuwa balozi wetu London baada ya Uhuru, alichora watu wa mlimani wakiwa ndani ya mazingira yao: migomba, njia za vilimani, watu kazini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mtoto wa Moshi anayetaka kuona jinsi mchoraji wa kwao alivyoitazama nchi miaka 70 iliyopita anahitaji viza. Edward Saidi Tingatinga naye, alipoanza mwaka 1968 na vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, alichora wanyama na maisha aliyoyabeba kichwani kutoka kwao Tunduru. Hao hawakuchora kadi ya posta. Kadi ilikuja baadaye, sisi wengine tulipogundua kwamba inalipa.

Mtaniuliza, na kuna haki ya kuuliza: kwa nini uchoraji, wakati kila mtu ana kamera mfukoni na satelaiti zinapita juu kila siku?

Nitawajibu kwa jambo lililonitokea. Mwaka juzi nilikuwa nachora bonde lililo chini ya nyumba yetu: migomba, mkufu wa nyumba za mabati, na mfongo mkavu uliokatiza katikati. Mfongo, kwa msiotoka kwetu, ni mfereji wa kienyeji ulioletwa na babu zetu kutoka mtoni, unapita vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba, kwa zamu. Bibi mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akasimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mbona umeuchora mfongo bila maji?" Nikamwambia, bibi, hauna maji. Akasema, "Ulikuwa nayo. Chora na maji."

Sikujua la kufanya. Nilikuwa nimejiapiza kutochora tena kisichokuwepo. Siku ile nikarudi nyumbani nikachora picha mbili za bonde lile lile, kwa kipimo kile kile. Moja kama jicho langu lilivyoona. Nyingine kama bibi alivyonieleza, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, ananionyesha kwa ncha ya mundu: hapa palikuwa na ndizi ng'ombe za mzee fulani, pale watoto walikuwa wanaoga, hapa mfongo uligawanyika mara mbili. Nyuma ya ile ya kwanza nikaandika tarehe. Nyuma ya ile ya pili nikaandika tarehe na maneno "kwa kumbukumbu ya aliyekuwepo". Nikaomba ruhusa, nikazitundika kwenye ukumbi tunaofanyia mikutano ya kijiji. Jumapili wazee wakasimama mbele yake wakaanza kubishana mfongo ulipita shamba la nani. Mmoja akachukua kijiti akauchora mavumbini, mwingine akaufuta na kuurekebisha. Niliukopi mchoro ule kabla ya kuku kuuparua. Ramani ya mfongo ule haimo kwenye faili lolote la serikali. Imo kwenye daftari langu.

Kamera inachukua kilicho mbele yake kwa kufumba na kufumbua, na mpiga picha anaondoka. Mchoraji anakaa saa tatu, siku nne, kwenye kiti kimoja. Watu wanapita, wanasimama, wanasahihisha. Satelaiti haisahihishwi na mtu anayepita na majani ya ng'ombe.

Wala sisemi kwamba mchoraji achukue nafasi ya mpimaji. Kazi hizi zinasaidiana. Mwaka 2023 watafiti wawili wa tabianchi walichapisha uchunguzi wa picha karibu 100 za Turner na Monet, wachoraji wa Uingereza na Ufaransa wa karne ya 19. Walipima jinsi mistari inavyofifia na weupe unavyoongezeka kwenye picha hizo, wakakuta mabadiliko yanalingana na ongezeko la moshi wa viwanda katika miji ya London na Paris. Monet alipokuwa akichora ukungu wa mto Thames hakujua kwamba anaweka rekodi ya hewa chafu. Alikuwa anachora alichokiona, tena anakirudia kutoka dirisha moja, siku baada ya siku. Uaminifu huo ndio uliozifanya picha zake zipimike zaidi ya miaka 100 baadaye.

Wapo pia viongozi waliowahi kuamua jambo kubwa wakiwa na picha mbele yao. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran alifuatana na msafara wa upimaji kwenda Yellowstone, Marekani. Michoro yake ya rangi za maji, pamoja na picha za mpiga picha waliyekuwa naye, ilionyeshwa kwa wabunge ambao hawakuwahi kufika huko. Machi 1872 sheria ya kuifanya Yellowstone hifadhi ya taifa ikatiwa saini, na baadaye mwaka huo Bunge lao likainunua picha yake kubwa kwa dola 10,000. Sitaki tuige kila kitu cha hadithi hiyo. Picha zile zilionyesha nchi kana kwamba haina watu, wakati wenyeji walikuwemo, nao wakaja kuondolewa. Ndiyo maana nasisitiza bibi mwenye mundu awemo kwenye picha.

Nchi isiyo na picha za namna hiyo inabaki kubishana. Mmisionari Rebmann alipouona mlima wetu Mei 1848 na kuandika kwamba juu kuna theluji, wasomi wa London walimbishia kwa miaka, wakisema haiwezekani karibu na ikweta. Wachagga walikuwa wanaitazama kila asubuhi, lakini hakuna aliyewauliza. Sasa tunaelekea mwisho wa hadithi ile ile. Siku itafika mjukuu wangu atasema mlima huu ulikuwa na barafu, na mwenzake atambishia.

Mfano mwingine uko Pangani. Kisiwa cha Maziwe kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwenye kivuli chake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, kisiwa kimebaki fungu la mchanga. Kama ni shoka au ni bahari iliyoanza, watu bado wanabishana. Kasa hawajaacha kupanda, na mayai yao yanahamishiwa bara, pwani ya Ushongo, ili maji yasiyaoze. Nilikwenda huko nikachora fungu lile tupu wakati maji yamekupwa, mchanga unang'aa mpaka macho yanauma, ngalawa moja imelala ubavu. Niliulizia kwa wazee na kwa wachoraji wenzangu kama kuna aliyewahi kukichora kikiwa na miti. Sikumpata hata mmoja. Mvuvi mzee akanieleza mivinje ilivyokuwa ikivuma usiku, akaiga kwa mdomo. Nimebaki na sauti, sura sina.

Na hatari nyingine za mlima wetu hazionekani kwenye barafu. Oktoba 2020 moto uliwaka huko juu zaidi ya wiki nzima. Usiku tuliuona kutoka Moshi kama mshipi mwekundu umefungwa kiunoni mwa mlima. Nilichora usiku tatu mfululizo, nikiwa na tochi mdomoni. Ulichoma ukanda ule wa vichaka virefu vilivyo juu ya msitu mkubwa, vile vinavyoning'inia ndevu za kijivu kwenye kila tawi. Wageni wanavipita haraka wakikimbilia kilele. Lakini matawi yale ndiyo yanayokamua ukungu na kuuangusha kuwa maji, na watafiti waliouchunguza ukanda huo kwa miaka mingi wanasema kuupoteza kunatunyima maji mengi kuliko kuipoteza barafu yenyewe. Hakuna anayeagiza picha ya vichaka vyenye ndevu. Ninazo nne, hazijauzwa, na nadhani ni picha muhimu kuliko zote nilizowahi kuchora.

Waheshimiwa, ninachoomba ni hiki.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ina watu wanaosoma kipimo cha mvua kila asubuhi, mahali pale pale, kwa saa ile ile. Hawasubiri mvua iwe nzuri. Naomba taifa liwe na wachoraji wanaofanya kazi kwa mtindo huo. Tuanze na sehemu kumi tu: mlima huu, Maziwe, delta ya Rufiji, Usangu ambako Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi miaka ya 1990, Kigoma ambako ziwa limepanda hadi kuingia majengoni, Usambara, na nyingine mtakazoshauriana na wenyeji. Kila sehemu iwe na mchoraji wa hapo hapo, alipwe kwa mwaka, achore mara nne kwa mwaka kutoka sehemu moja isiyobadilika, aandike nyuma tarehe na maneno ya watu waliosimama kutazama. Nakala moja ya picha ibaki kijijini au kwenye shule ya kata. Nyingine iende Makumbusho ya Taifa, kwenye chumba kisichovuja.

Nasema walipwe, na simaanishi wakopeshwe. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, na ni jambo jema kwa anayefungua studio ya muziki au duka. Lakini picha ya mfongo mkavu haiuzwi. Mchoraji akikopa ili aichore, atalipa deni kwa kuchora twiga na theluji.

Pia sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Tathmini hizo zina majedwali mengi. Ongezeni kifungu kidogo kwenye kanuni zake: kabla ya greda kuingia, mchoraji akae hapo wiki mbili, na picha zake zitundikwe kwenye ofisi ya kata ambako wananchi wanaitwa kutoa maoni. Mtu asiyejua kusoma jedwali ataijua picha ya kisima chake.

Halafu kuna suala la geti. Nimewahi kuzuiwa kuingia hifadhi moja kwa sababu aliyekuwa zamu aliona miguu mitatu ya stendi yangu akadhani nakwenda kupiga filamu, akanitaka kibali cha biashara. Nilimwonyesha brashi. Akasema orodha yake haina neno mchoraji. Alikuwa kijana mwenye adabu na alifuata alichoandikiwa. Naomba neno hilo liongezwe kwenye orodha.

Wanafunzi nao wapo. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, na Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina vijana wenye mikono mizuri kuliko wangu. Wengi wao wakimaliza wanaishia kuandika mabango ya saluni. Hao wako tayari, wanasubiri kuambiwa waende wapi.

Mwezi Januari mlima huwa wazi sana. Nawakaribisha nyote wawili Uru, siku yoyote mtakayoipata. Gari linafika mpaka kanisani, halafu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu kupitia vihambani. Njooni kabla ya saa kumi na mbili na mvae sweta, kuna umande. Nitaweka viti viwili chini ya mpera, na zile picha 31 nitazipanga juu ya ua wa dracena, kuanzia kushoto. Mzee wa jembe ameahidi kuwapo.

Wenu mtiifu,

Mchoraji wa mandhari,
Uru, Moshi